Katambuga Zisizo na Misumari

Sikuzani alikuwa amelikalia tairi la lori kwenye kipembe chake cha soko la Tabora, akilipasua kwa kisu, Bwana Hilari alipokuja akaweka pakiti ya misumari mbele yake. Hakuacha kukata. Mpira hautaki kisu kisimame njiani; kikisimama, ukingo unapinda, na mtu atalipa kwa lengelenge.

Bwana Hilari alikuwa ofisa maendeleo wa wilaya, kijana wa suti iliyopigwa pasi mpaka mfukoni. Alikuwa na habari njema, na alijua ni njema. Watu waliohamishiwa vijiji vipya upande wa Ipole walikuwa wakilima peku katikati ya visiki, na wilaya ilitaka wapate katambuga za tairi kabla ya mvua, jozi mia sita. Kazi hiyo angepewa Sikuzani na wenzake. Wangeandikishwa kuwa ushirika, na wangepewa banda la bati karibu na stesheni. Masharti yalikuwa mawili tu. La kwanza, waache mtindo wao wa kupitisha mikanda kwenye matundu, wapige misumari, kazi iende mbio. La pili alilisema kwa sauti ya chini huku akitazama pembeni. Jumamosi wageni wa mkoa wangekuja kulifungua banda, na isingependeza wawakute wale wagonjwa.

Wale wagonjwa walikuwa wamekaa hatua nne kutoka pale, na masikio yao hayakuwa na ugonjwa wowote.

Walikuwa Yoramu na Getruda, Wanyamwezi wa kule Sikonge, waliougua ukoma wakatibiwa wakapona. Kila mmoja alikuwa na cheti cha kupona, amekikunja mpaka kimeanza kukatika kwenye mikunjo. Ugonjwa ulikuwa umemla Yoramu ncha za vidole, na Getruda ulimwachia nyayo zisizosikia kitu. Mjini hakuna aliyetaka hata kununua ndizi mkononi mwao. Sikuzani aliwachukua mwaka uleule alioanza kazi, mumewe Abbasi alipofariki akamwachia kisu, patasi na jina la fundi.

Kazi yenyewe ya matairi ilianza kwa ugomvi. Nyuma ya gereji ya Kurban walikuwa wakichoma matairi mabovu, na moshi mweusi ukawa unatua juu ya nguo za mtaa mzima. Sikuzani alikwenda kugomba, akarudi na matairi kumi na moja. Tangu siku hiyo Kurban hakuchoma tena. Unyayo ulitoka kwenye tairi, mikanda ikatoka kwenye mpira wa ndani, na vipande vilivyobaki vikawa bawaba za milango ya vibanda vya kuku. Hakikutupwa kitu.

Hata yeye mwanzoni alipiga misumari, kama mafundi wote. Halafu siku moja Getruda alitoka sokoni hadi nyumbani akisimulia kisa na kucheka, na nyuma yake njia nzima ina matone ya damu. Msumari ulikuwa umetokeza ukamwingia, naye hana habari. Sikuzani aliing'oa misumari yote kwenye kila jozi iliyokuwamo ndani, akakaa wiki mbili bila kuuza chochote, mpaka akajua namna nyingine. Mkanda unavutwa kwenye tundu jembamba lililopakwa maji ya sabuni, na sabuni ikikauka, hautoki hata uuvute kwa meno.

"Huyu anapima, yule anavuta mikanda," alimwambia Bwana Hilari. "Nikiwaondoa, utakuwa umebaki na bibi mmoja na tairi."

"Nitabaki na watu mia sita wanaochomwa na visiki, mama. Na hao je, huwafikirii?"

Swali lilimpata. Kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. "Chukua misumari yako, baba, isije ikamchoma mtu hapa."

Kazi ikapewa kikundi kingine cha mjini, kilichopiga misumari usiku na mchana. Wiki moja baadaye Sikuzani akaletewa barua kwamba kile kipembe cha soko alichokalia kinahitajika kwa shughuli za maendeleo, na kwamba apishe.

Tuseme kweli: banda lile la bati alilitamani. Alikwenda kulitazama mara mbili, akajifanya anapita tu. Sasa banda limekwenda, na hata kivuli cha sokoni kinakwenda.

Yoramu ndiye aliyeanza kukusanya vyombo.

"Dada, sisi ndio tunaokuharibia," alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi vyangu vyote nikivijumlisha havifiki kimoja. Turudi Sikonge, wewe uendelee."

Getruda alicheka. Sikuzani hakucheka, hasira ilimpanda. Alimwambia Yoramu aviweke vyombo chini, na kwamba siku akitaka kufukuza mtu hapa atamfukuza mwenyewe, hahitaji kusaidiwa.

Habari iliyowainua ililetwa na muuza asali mmoja wa Ipole, aliyesimama kuomba bawaba ya mpira. Alisema katambuga za serikali zimefika kijijini, na siku ya tatu ya kulima misumari yote ilikuwa imepanda juu. Watu wamezitundika kwenye nyua, wamerudi kulima peku.

Sikuzani aliwaza kidogo tu. Babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo kwa nyayo tupu. Yeye ashindwe na Ipole? Kazi isipokuja kwako, unaifuata. Aliazima mkokoteni wa Kurban, wakaupakia matairi, wakashika njia ya zamani ya misafara inayoshuka kusini. Walitembea siku nne katika mchanga na jua, wakipokezana kusukuma, na Getruda akikagua nyayo zake kila wanapopumzika.

Kijijini walitandika gunia chini ya paa la ghala, na Sikuzani akatangaza masharti yake. Mwenye karanga alete karanga, mwenye asali alete asali, asiye na kitu asubiri mavuno. Watu walikuja, wakaviona vidole vya Yoramu, wakasimama mbali. Walisimama hivyo muda mrefu, mpaka Sikuzani akageuka kuutazama mkokoteni. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na hakuwa na pa kurudi.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kisigino chake kimefungwa kitambaa, alisogea akaokota katambuga moja. Aliingiza mkono ndani akaupitisha polepole kila mahali, akaigeuza, akatafuta tena. Hakukuwa na msumari.

"Na huyu," aliuliza akimwelekeza Yoramu kidevu, "mbona kila akimaliza moja anaisugua shavuni?"

"Vidole vyangu vilikwishanyamaza, mama," Yoramu alijibu mwenyewe. "Shavu bado linasema. Nikikuachia kitu cha kukuchoma, lazima kinichome mimi kwanza."

Mama yule alimtazama. Kisha akafungua kitambaa, akaweka mguu wake wenye kidonda juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na Yoramu akauzungushia mkaa, taratibu, ukimgusa kidole hadi kidole. Nyuma yake akasogea mwingine. Jua lilipofika utosini mstari ulikuwa umelizunguka ghala.

Ndipo Landrova ya wilaya ilipofika. Bwana Hilari alishuka na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alieleza, kwa adabu, kwamba kikundi chao hakijaandikishwa na kwa hiyo hakina ruhusa ya kufanya kazi katika kijiji hiki. Lazima wafunge mizigo. Alitaka kuongeza jambo, lakini jicho lake liliangukia ua wa nyumba ya pili, ambako katambuga zilikuwa zimetundikwa misumari nje, akaishusha karatasi.

Sikuzani alikuwa anavuta mkanda. Aliuvuta mpaka ukakaa, akaukata mwisho wake, ndipo akainua uso.

"Kama umekuja kupimwa," alisema, "mwisho wa mstari ni kule."

Hakuna aliyecheka. Watu kwenye mstari walimgeukia Bwana Hilari, kisha wakasogeleana, bega kwa bega, hata pasiwe na pa kupenya. Yeye akabaki amesimama juani na karatasi yake. Dereva alizima injini, akashuka, akaenda kule nyuma ya mtu wa mwisho, akainama na kuanza kufungua kamba za viatu vyake.