Uzi wa Beile

Mke wangu Beile alikufa kwa homa ya chawa majira ya baridi yaliyopita, na hata maiti yake serikali haikuiacha ipumzike. Mkuu wa wilaya, Mrusi ambaye hajawahi kukanyaga tope la kijiji chetu, aliandika amri: waliokufa kwa homa wazikwe ng'ambo ya mto, mbali na makaburi yetu ya zamani. Wazee wa sinagogi wakatia sahihi bila hata kukohoa. Wafu wanne, Beile mmoja wao, tukawazika kwenye shamba la wazi, ng'ombe wakipita juu yao.

Niliwaomba wazee wajenge ua kuyazunguka makaburi hayo.

"Baada ya mavuno, Zelik."

Mavuno yakapita. "Baada ya sikukuu, Zelik." Watu wenye meza zilizojaa wana subira sana na shida za wenzao.

Kwetu, kila mwaka kabla ya Siku ya Upatanisho, wanawake huyazunguka makaburi kwa uzi wa pamba. Bibi Treina ndiye mvutaji wa uzi. Beile alimfuata nyuma akisema maneno, akiwaita wafu kwa majina yao ili watuombee. Kisha uzi ule hukatwa na kuwa tambi za mishumaa inayowaka sinagogini siku nzima ya mfungo. Miaka thelathini mke wangu aliwaita wafu wa kijiji kizima. Sasa yeye angeitwa na nani?

Zilipobaki siku nne kabla ya mfungo nikaenda kwa Bibi Treina. Nilimkuta anamenya vitunguu.

"Uzi unazunguka ua, Zelik. Kule hakuna ua. Nizunguke nini, ng'ombe?"

"Nikiujenga?"

"Ukiujenga, miguu ninayo. Msemaji sina. Msemaji wangu ndiye huyo unayemlilia."

Siku hiyohiyo binti yangu Dvosia akashuka kwenye gari la farasi kutoka Kiev. Anasomea ukunga huko, kwa karatasi ya kibali yenye mihuri mitatu, maana Myahudi hapigi chafya Kiev bila muhuri. Amekata nywele. Huko anakula nini, na kwenye vyombo vya nani, safi kwa sheria yetu au najisi, sikumuuliza.

"Baba, mama hahitaji uzi," akaniambia. "Alihitaji daktari."

"Hilo kamwambie mkuu wa wilaya. Mimi nishikie misumari."

Akanishikia.

Mimi ni fundi wa mapipa. Karakanani nilikuwa na mbao za mwaloni, nimekwisha kuzikunja, za mapipa sita ya kuchachushia kabichi ya Mzee Leizer, mkubwa wa wazee wetu. Nikazipakia zote, nikavuka daraja. Kwa siku mbili tulipigilia. Mbao za pipa hazijui kusimama wima, kwa hiyo ua ukatoka na vitambi, kama wazee wenyewe.

Siku ya pili Leizer akaja na fimbo yake.

"Zelik, mapipa yangu yako wapi? Kabichi imejaa nyumbani mpaka kitandani."

"Yapo hapa, mzee. Yamezunguka watu wanne."

"Unanifanyia mzaha?"

"Baada ya sikukuu, mzee."

Dvosia akageukia mto, akacheka. Leizer aliyatazama yale makaburi kwa muda, akafuta kiatu chake kwenye nyasi. "Polisi wakiuliza, mimi sijaona kitu," akasema, akaondoka. Ushujaa mkubwa kuliko huo sijawahi kuuona kwake.

Asubuhi yake Bibi Treina akaja, ameegemea mkono wa Dvosia. Akafunga uzi kwenye ubao wa kwanza, akavuta hatua chache, mgongo ukamkatalia.

"Shika wewe, mjukuu wangu. Usiukaze. Ukikatika tunaanza upya."

Dvosia, asiyeamini, akaushika kwa ncha za vidole, kama anavyoshika kitovu cha mtoto.

"Haya, sema."

"Bibi, siyajui maneno."

"Mama yako hakukufundisha?"

"Alitaka. Mimi ndiye sikutaka."

Wakasimama. Uzi ukawa unacheza kwenye upepo.

Mimi nilikuwa nje ya ua. Kusoma kwangu ni kwa kuburuza kidole kwenye kitabu cha sala, hakuna zaidi. Lakini miaka thelathini nilimbebea Beile kikapu cha uzi, nikamngoja nje ya makaburi, na masikio hayana mlango. Nikafungua kinywa.

"Enyi mliolala, tumekuja kuwazungushia uzi. Nanyi tuzungushieni maombi yenu. Beile, mke wa Zelik..."

"Hayo ni maneno ya wanawake," akasema Bibi Treina.

"Basi usinisikilize."

"Nakusikiliza, na umekosea. Mtu haitwi kwa mumewe. Anaitwa kwa mama yake."

"Beile binti Gnesia," nikasema.

Dvosia akaanza kutembea. Nikawaita wote wanne, na kila niliposita alipunguza hatua, akaningoja. Ncha za uzi zilipokutana akafunga fundo.

"Baba, ile ya mwanzo ilikuwaje? Irudie. Polepole."

Nikairudia mara tatu, mpaka akaishika.

Siku ya mfungo utambi wa Beile uliwaka mpaka jioni. Leizer alisimama karibu na mshumaa huo, akaomba kwa sauti kubwa kuliko wote. Kabichi yake, nasikia, ilikuwa bado kitandani.