Kipimo cha Mwalimu

Mama yangu alinipa sifuri Jumatano mbele ya darasa zima, na aliitamka kwa sauti ileile anayoitumia nyumbani kuuliza nani amemaliza sukari. Sifuri ningeivumilia. Ile sauti ndiyo iliyonichoma.

Niseme ilivyokuwa, maana wasiokuwepo ndio wanaoisimulia zaidi. Mama ndiye mwalimu wa kemia wa shule yetu na mimi nilikuwa mwanafunzi wake, balaa ambalo simtakii hata adui. Darasani namwita Mwalimu, naye ananiita "wewe wa dirishani." Wenzangu wakipatia, anawasifu. Nikipatia mimi, anageukia ubao. Nikikosea, ndiyo somo la siku. Yote hayo ili mtu asije akasema mwalimu anambeba mwanawe. Kunibeba! Alikuwa akiniburuta.

Mtihani wa vitendo ni hivi. Unasimama mbele ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo ubavuni na bomba dogo chini, umejaa asidi. Kwa pipeti unachota kiasi kimoja kamili cha besi, unakimimina kwenye chupa, unadondoshea kiashiria, na chupa nzima inakuwa manjano. Halafu unafungulia asidi tone kwa tone mpaka manjano igeuke rangi ya chungwa. Hapo unafunga bomba, unainama mpaka jicho liwe sawa na asidi, na unasoma mstari uliogusana na chini ya tumbo lake, pale uso wake unapobonyea. Si juu yake, si kwa kukisia, si ukiwa umesimama wima kama askari. Mama alitufundisha hivyo mpaka migongo ikatuuma.

Sasa, nani anajua jibu sahihi? Desturi ya shule yetu ni kwamba mwalimu hufanya jaribio lilelile asubuhi, peke yake, katika chumba cha maandalizi. Namba anayoipata ndiyo kipimo cha mwalimu. Ukiwa karibu nayo unapata alama kumi, na ukiwa mbali unapata sifuri. Kwa hiyo tangu enzi za dada zetu, ujuzi mkubwa kuliko wote katika maabara yetu ni kuijua namba ya mwalimu kabla ya kusoma bureti. Mama huibandika kwenye kabati, na dirisha la chumba kile linatazamana na njia ya chooni. Sijawahi kuona darasa lenye vibofu vibovu kama letu Jumatano ile.

Mimi sikwenda chooni. Nilifanya jaribio la kwanza nikapata mililita ishirini na nne nukta tano. La pili, ileile. La tatu, ishirini na nne nukta nne. Nilikuwa nikichekacheka peke yangu, maana vipimo vikikaribiana hivyo unajua mkono wako umetulia. Ndipo akapita nyuma yangu rafiki yangu Kidoti, tunayemwita hivyo kwa sababu ya doa dogo juu ya mdomo wake. Kidoti ndiye anayeongoza darasa, na si kwa bahati.

"Kumi na tisa nukta sita," akaninong'oneza.

"Nini hiyo?"

"Ya mama yako. Andika haraka."

"Mimi nimepata ishirini na nne na nusu."

"Hata mimi nimepata hiyo. Sasa unataka kufa nayo?"

Nikaitazama bureti yangu. Asidi ilikuwa imesimama pale iliposimama, haina habari na kabati la mtu yeyote. Nikamwambia naandika ninachokiona. Kidoti akaguna, akarudi mezani kwake, akafuta. Wengine nao wakafuta. Maabara nzima ilijaa sauti ya vifutio, na mimi nikakaa nayo masikioni, damu ikinichemka.

Baada ya mapumziko Mama akasoma alama. Kila jina lilifuatiwa na kumi, kumi, kumi, kama mtu anayetwanga. Akafika kwangu.

"Darasa zima liko karibu na kumi na tisa nukta sita. Mmoja tu ndiye ameona ishirini na nne. Wewe wa dirishani, sijui ulikuwa unasoma bureti ya shule gani. Sifuri."

Wakacheka. Na Kidoti, aliyeiona ishirini na nne na nusu kwa macho yake mawili, akainamisha kichwa akatafuta kitu ambacho hakikuwamo kwenye mkoba.

Sifuri ile haikuwa ya mchezo. Alama za vitendo ndizo zinazoamua nani anaendelea na mchepuo wa sayansi, na mimi nilitaka kusomea utengenezaji wa dawa, si kingine. Ijumaa mchana gari la ofisi ya elimu lingekuja kuchukua karatasi za alama. Zikishaondoka hazirudi.

Alhamisi jioni sikula. Nilikaa kitandani na kalamu, nikagawanya ishirini na nne na nusu kwa kumi na tisa nukta sita. Ikatoka moja na robo. Si karibu na moja na robo, bali moja na robo yenyewe. Nikaruka juu. Kosa la mkono huwa chafu, linabaki na mikia ya desimali. Kosa safi namna ile limetoka kwenye chombo. Na moja na robo ni nini? Ni ishirini na tano kwa ishirini.

Mama ana pipeti yake mwenyewe tangu alipomaliza chuo. Anaifunga kwa kitambaa, inalala kwenye mkoba wake, na hata Baba haruhusiwi kuigusa. Ni ya mililita ishirini. Za shule nazo zilikuwa za ishirini, lakini zilivunjika moja baada ya nyingine, na muhula huu tuliletewa mpya. Mpya ni za ishirini na tano. Yeye alichota kwa yake ya zamani, kwa mazoea tu, sisi tukachota kwa mpya. Besi yetu ilizidi yake kwa robo, basi na asidi lazima izidi kwa robo. Nani asiyeliona hilo?

Nikatoka chumbani. Mama alikuwa akisahihisha madaftari mezani, Baba akipiga pasi.

"Mama, Jumatano asubuhi ulitumia pipeti gani?"

"Hujambo na wewe."

"Ile yako, sivyo? Yako ni ya ishirini. Zetu ni za ishirini na tano."

"Usinifundishe kupima." Hakuinua hata uso. "Nimepima kabla hujazaliwa. Darasa zima limekosea, wewe peke yako ndiye umepatia?"

"Wamepika majibu! Wote! Na si wewe mwenyewe uliyeleta ile mizani ya jikoni darasani? Ile ambayo mshale wake unaanzia juu ya sifuri? Ukapima unga, ukarudia, ukarudia, ikatoa jibu lilelile kila mara, na lote la uongo. Ukatuambia kukubaliana si kuwa kweli. Au ulikuwa unatufurahisha tu?"

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Baba akasema, akachomoa pasi, akatutoka na mashati yake.

Mama akasukuma madaftari kando. Kisha akauvuta mkoba, akafungua kitambaa, akaisogeza pipeti kwenye taa. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini ishirini ilisomeka. Akaitazama kwa muda. Nilimwona bega likishuka, nikajua amejua. Nikangoja.

"Nikiibadilisha namba sasa," akasema polepole, "darasa zima linapata sifuri, na anayepata kumi ni mmoja. Nani? Mwanangu. Unajua watasemaje?"

"Kwa hiyo mimi nipate sifuri kwa sababu ni mwanao?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Umeandika."

Nilibamiza mlango, na sijutii.

Ijumaa asubuhi alinipita ukumbini bila salamu. Lakini nilipofika maabara nilimkuta ameshafanya jaribio upya, kwa pipeti ya shule. Ishirini na nne nukta tano. Hakuniambia hongera wala pole. Akaniambia nimfuate, tukaenda kwa mkuu wa shule.

Mkuu wetu ni mtu mpole, na upole wake ni wa kuepuka kazi. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akavuta kiti, akakisogeza tena kilipokuwa.

"Mwalimu, funika kombe mwanaharamu apite. Sifuri ni moja. Ukifukua hili, tutakuwa na sifuri za darasa zima, na kila sifuri ina mzazi. Wengi wape."

"Bureti haipigi kura!" nikasema.

"Huyu mtoto ana mdomo."

"Ameurithi," Mama akajibu. "Mkuu, namba yangu ilikuwa na kosa."

"Na anayefaidika ni wa kwako. Huoni inavyonuka?" Akafikiri. "Haya. Niletee mwanafunzi mwingine, asiye ndugu yako. Apime mbele yangu. Akisoma hiyo ishirini na nne yenu, badilisha, na nitatia sahihi mimi mwenyewe. Asipoisoma, mambo yaishe."

Mama akamchagua Kidoti. Mimi nilipumua. Mkono wa Kidoti hautetemeki, na kabla ya yote ni rafiki yangu.

Tukarudi maabara, wanne tu. Kidoti alichota besi kwa pipeti mpya, akaiacha itiririke yenyewe bila kuipuliza, kama tulivyofundishwa. Akadondoshea kiashiria. Akafungulia asidi, akapunguza, akaihesabia tone la mwisho mpaka chungwa likatokea na likabaki. Akafunga bomba. Akainama. Ilikuwa kazi safi kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mimi nilikuwa nimesimama begani kwake nikiiona asidi imekaa palepale, ishirini na nne nukta tano.

"Ngapi?" mkuu akauliza.

Kidoti alikaa ameinama. Akalamba midomo.

"Kumi na tisa nukta sita."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mkuu akafunga kifungo cha koti, akainuka.

"Haya, basi. Mmesikia."

"Inama uone mwenyewe!" Nilipiga kelele, na sikujali kwamba ni mkuu. "Iko hapo! Inama!"

"Mimi si mtu wa kemia, binti."

"Si kemia! Ni kusoma namba!"

Mama akaninyooshea kiganja ninyamaze. Alikuwa amekasirika hata pua imemtanuka, nikadhani sasa atanimalizia mimi. Lakini alikuwa akimtazama Kidoti.

"Soma tena. Soma unachokiona."

"Kumi na tisa..." Sauti ya Kidoti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Machozi yakaanza kumdondoka mezani. "Mwalimu, usinifanyie hivi. Mwanao wa kumzaa aliandika anachokiona ukampa sifuri mbele yetu sote. Mimi mtoto wa watu utanipa nini?"

Mkuu akaangalia saa yake. Mama akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaweka kalamu chini, akainama kando ya Kidoti, shavu karibu na shavu, jicho lake sawa na jicho la yule msichana.

"Tuisome pamoja," akamwambia. "Anza wewe. Mimi nitafuata."

Kidoti akavuta makamasi. "Ishirini na nne..."

"Ishirini na nne," Mama akafuata.

"Nukta tano."

"Nukta tano. Kwa sauti, mkuu asikie."

Akaisema kwa sauti. Mama akanyooka, akachukua karatasi ya alama, akapiga mstari juu ya namba yake, akapiga mstari juu ya kumi zote. Mbele ya jina langu aliandika kumi. Mbele ya wengine hakuandika kitu.

"Watarudia leo hii," akamwambia mkuu. "Wote. Na dirisha lile nalifunika kwa magazeti."

"Gari linakuja mchana, Mwalimu. Halisubiri."

"Litasubiri. Nitasimama mbele yake."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Ulisema utatia sahihi. Kalamu hiyo hapo."

Mkuu akatia sahihi shingo upande, akatoka. Mama akamgeukia Kidoti, akamfuta machozi kwa ncha ya koti lake jeupe la maabara, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha uongo huu." Alimwomba radhi kikamilifu, bila haraka, kwa sauti ambayo nyumbani kwetu sijawahi kuisikia.

Kisha akaniambia mimi nikasuuze bureti, wenzangu wanakaribia kuingia. Nikazisuuza zote. Radhi yangu bado naisubiri.