Mama Chupa na Maji ya Matete

Shemeji yangu, mke wa kaka, hupima maji ya ziwa ambako mimi nakodisha boti za kukanyaga kwa miguu. Watu walimbatiza Mama Chupa, maana hapiti bila kikapu cha chupa za sampuli.

Mwaka ule joto lilizidi, na utando wa kijani ukatanda ufukweni kama rangi iliyomwagika. Ulikuwa mwani wenye sumu: ukimeza maji yake utatapika, yakikugusa utajikuna. Mama Chupa akapandisha bendera nyekundu. Siku kumi na mbili boti zangu zilikaa nchi kavu, nami nikakaa nimenuna. Siku ya kumi na tatu maji yakatakata, vipimo viwili mfululizo vikatoka safi, akaruhusu watu waingie. Wakajaa kama siafu.

Saa saba mchana nikamwona anakuja mbio kutoka maabara.

"Shemeji, rudisha boti zote! Watu watoke majini!"

"Si wewe uliyesema asubuhi ni salama?"

"Ndiyo mimi, na nimekosea. Nilichota hapa gatini tu. Moyo haukutulia, nikaenda kuchota na kule kwenye matete. Upepo ulikuwa umeusukumia mwani kule, na sasa umegeuka, unaurudisha."

Simu yake ikalia. Alikuwa mkuu wake, na sauti yake niliisikia vizuri: atangaze kuna ukarabati, hayo makosa yatazungumzwa ofisini.

"Hapana, bosi. Nikisema ukarabati, wataingilia upande wa pili."

Akachukua kipaza sauti cha mwokoaji. "Jamani, mimi ndiye mpima maji. Asubuhi niliwaambia maji ni salama. Nilikosea. Tokeni, mkaoge maji ya bomba, watoto kwanza."

Baba mmoja, mwanawe begani, akamfokea: "Unatuchezea? Kesho tukuamini vipi?"

"Una haki ya kukasirika, kaka. Nipe mtoto nimsuuze, halafu endelea kunisema."

Yule baba akamshusha mtoto begani, akampa.

Mpaka jioni alikuwa pale bombani, nguo zimemlowa chapachapa. Binti mmoja alitoka vipele. Akampeleka hospitali, akakaa naye hadi aliporuhusiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema. Lakini kusema kweli, mimi ningetangaza ukarabati.

Ofisini alipewa barua ya onyo. Akaipokea, na kwenye majibu yake akaomba maji yawe yanachotwa sehemu tatu, matete yakiwemo. Ndio utaratibu hadi leo, na mimi ndiye ninayempeleka kwa boti yangu.

Siku ya kwanza alivaa jaketi la kuokolea, akang'ang'ania ukingo wa boti, macho kayafumba.

"Vipi, shemeji?"

"Kanyaga taratibu. Miaka kumi na moja napima maji haya, kuogelea sijui."

Nilicheka hadi boti ikayumba. Yeye akafumbua macho, akavaa glavu, akainama kuchota.