Kadibodi ya Stoina

Kigari cha Gencho kilichemka kwa mara ya tatu kwenye kona ileile ya kwanza ya mlima. Akakizima, akashuka, akaanza kumtukana meya. Si ndiye aliyeliondoa basi la Jumapili? Kesho mjukuu wake wa kwanza anabatizwa ng'ambo ya mlima, kwa jina la marehemu bibi yake, Stoina, mke wa Gencho. Gencho aliapa hatakosa, hata kwa miguu.

Akakiachia kigari kiteremke chenyewe hadi kijijini. Themostati alishabadilisha. Mipira ya maji alishabadilisha. Jirani yake Velko, fundi matrekta wa zamani, alimkuta amefungua boneti, akasomewa mashtaka yote: wakubwa wanafumbia macho spea feki, wanyonge ndio wanaochemka.

Velko hakubishana. Alipiga magoti mbele ya gari, akachungulia, akacheka mpaka akakohoa.

"Gencho, ndugu yangu, kadibodi umeitoa lini?"

"Kadibodi gani?"

"Ya baridi, uliyozibia rejeta. Korongo wameshatotoa, wewe bado umemvalisha mwenzio koti!"

Gencho akasema, "Kuitoa ilikuwa kazi ya Stoina."

Velko aliacha kucheka.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao. Theluji ikianza, Gencho huchomeka kadibodi injini ipate joto upesi. Masika, siku Stoina anapomwona korongo wa kwanza, hufungua uzi mwekundu na mweupe anaouvaa mkononi kuyangoja masika, akautundika kwenye mplamu, kisha huenda kuichomoa. Mwaka huu korongo walirudi, yeye yuko kaburini tangu Januari.

Velko aliivuta ile kadibodi, akaigeuza. Upande wa ndani, ambao Gencho hakuwahi kuutazama, kulikuwa na tarehe kwa penseli, mstari kwa mstari, miaka kumi na tisa ya korongo. Gencho alizisoma polepole, kama asomavyo kila kitu. Akaomba penseli. Chini ya tarehe ya mwisho akaandika ya leo, na pembeni: nimechelewa.

Asubuhi alipanda mlima. Kwenye ile kona alipunguza mwendo, jicho kwenye mshale wa joto. Mshale ukakaa katikati, umetulia. Kadibodi ilikuwa kwenye kiti cha pembeni, imefungwa mkanda. Gencho alimtukana meya mara moja tu, kwa shimo la karibu na kilele, na kwa hilo meya alistahili.