Soda ya Bienfait

Kanuni za kundi la Majirani wa Kyebando aliziandika Perpétue mwenyewe, na ndiyo maana siku zilipomfukuza, zilimfukuza kwa Kiswahili kizuri.

Lilikuwa kundi la WhatsApp, la Wakongomani waliovuka mpaka na kuhamia mtaa ule na Wakenya wachache waliofuata kazi. Humo ndimo watu walimotangaza chumba cha kupanga, mgonjwa aliyelazwa, msiba. Perpétue alikuwa fundi cherehani mwenye diploma ya uandishi wa habari ambayo haijawahi kumpa kazi, na humo alipata karibu wateja wake wote. Mtu alituma picha ya kitenge, akajibiwa bei, akaja kupimwa. Mlangoni hakuwa na kibao. Kundi ndilo lilikuwa kibao chake.

Ugomvi mmoja wa kwaya ya kanisa ulipowafanya watu watukanane humo mchana kutwa, mwenyekiti, Papa Mushagalusa, alimwomba awaandikie kanuni. Aliziandika kwa fahari, akifuta na kurudia hadi kila neno likae mahali pake. Hakuna mwanakundi atakayemsumbua mwenzake kwa maneno, kwa picha wala kwa sauti. Mwenye lalamiko atasikilizwa kabla ya mwingine yeyote. Na ile iliyosifiwa kuliko zote, kwa sababu ugomvi wa kwaya ulianzia hapo: kilichosemwa faraghani kisiletwe kundini. Sifuna, Mkenya karani wa ghala huko Nakivubo, mtu asiyeweza kupita pasipo mzaha, aliandika kwamba sasa Kyebando ina katiba na kilichobaki ni bendera.

Aliyeziamini kanuni hizo kwa moyo wote alikuwa Blandine. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, bado mgeni mjini, na mama yake alimtumia unga wa muhogo na samaki wakavu wa sambaza kutoka Bukavu. Mizigo ya namna hiyo aliileta Bienfait, dereva wa lori, aliyewabebea wanakundi bure tangu mpakani. Hakukuwa na nyumba ambayo haikuwa imekula kitu kilichopita mikononi mwa Bienfait. Namba ya Blandine aliichukua kundini. Alianza na habari za mzigo, kisha zikaja sauti za kumsifia mwili, kisha picha ambayo Blandine, alipomwonyesha Perpétue, alinyoosha simu mbele na yeye mwenyewe akatazama ukutani. Mzigo wa mama, Bienfait alisema, uko chumbani kwake. Aufuate mwenyewe, peke yake.

"Yaya, wewe uliandika kwamba nitasikilizwa," Blandine alisema, akimwita dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. "Basi miye huyu hapa."

Perpétue alimpeleka kwa Papa Mushagalusa. Mzee aliguna, akasikitika, akasema mambo kama haya humalizwa kifamilia. Akaitisha kikao sebuleni kwake. Bienfait alikuja amevaa shati la kanisani na kubeba kreti ya soda. Alisema alikuwa akitania tu, na dada yetu hajauzoea mji. Wa kwanza kuulizwa maswali alikuwa Blandine: kwa nini hakuizuia namba ya mtu huyo mapema, na kwa nini alikuwa akimjibu asante. Akasema ile asante ilikuwa ya mzigo. Watu wakatazamana.

Kisha chupa zikafunguliwa. Kwao hapo, mkishakunywa pamoja jambo limezikwa, na atakayelifukua ndiye mkosaji. Blandine alikunywa. Perpétue naye alikunywa, soda ya machungwa yenye joto la jua la njiani, akijiambia kwamba angalau Bienfait ameonywa mbele za watu.

Wiki haikwisha. Blandine aliingia kwa Perpétue, akaweka simu juu ya cherehani, kando ya gauni la mteja lililobanwa chini ya sindano, akaifungulia. Sauti ya Bienfait ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

"Umekunywa kinywaji changu mbele ya wazee, mtoto mzuri. Kwetu msichana akinywa cha mwanamume, si amekubali? Sasa nani atakusikiliza tena?"

Perpétue alirudi kwa Papa Mushagalusa, safari hii peke yake. Mzee hakutaka hata kuisikia ile sauti. Soda imeshanywewa, alisema. Akakumbusha kwamba Bienfait anaondoka Alhamisi, na nusu ya mtaa inasubiri vitu vyake. Au binti yangu una lori lako? Perpétue alitoka nje, akampigia Blandine, akamuuliza kama anaweza kuiweka ile sauti kundini. Blandine akasema waisikie, maana yeye amechoka kuisikia peke yake.

Perpétue akaiweka.

Mama mmoja aliweka alama ya mikono ya kuomba. Mwingine akauliza lori linaondoka saa ngapi. Hatimaye Sifuna, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha, akanakili kanuni ya Perpétue neno kwa neno, kilichosemwa faraghani kisiletwe kundini, na chini yake akaandika: Ni yako mwenyewe, dada mwandishi. Kabla Perpétue hajajibu, alikuwa ameshatolewa. Bienfait alibaki ndani.

Kanuni ya kusumbuana haikunakiliwa na mtu.

Kitenge cha mwisho kilichokuwa kimekatwa Perpétue alikimaliza, mwenye kitenge akaja akalipa bila kukaa, na baada ya hapo hakuna aliyebisha hodi. Alifika Blandine tu. Alikuwa amejitoa kundini kimya kimya. Mkahawani wanamwita Mama Soda, alisema, na mzigo wa mama haujulikani umeishia wapi. Hakulia. Alishika kipande cha kitenge kilichobaki, akakikunja, akakikunjua.

"Nenda uwaombe msamaha, yaya. Ni neno tu. Utakula nini?"

"Na wewe?"

"Miye nimeshamalizana nao."

Masharti ya kumrudisha Perpétue kundini yaliletwa na Sifuna: kreti ya soda, na ujumbe wa sauti wa kumwomba Bienfait msamaha, usikiwe na kundi zima. Jumamosi Perpétue alifika sebuleni kwa Papa Mushagalusa mikono mitupu. Bienfait, aliyekwisha kurudi safari, alikuwa ameketi kwenye kochi na shati lile lile, amekunja nne.

Mzee hakuwa na ukali. Alimwekea kiti, akasema hakuna anayemchukia, wake zao wanataka kushonewa, kanisa linataka sare, kila mtu anamngoja arudi. "Sema tu, ndugu Bienfait, nisamehe. Tuendelee na maisha." Akabonyeza mahali pa kurekodi, akaishika simu yake karibu na mdomo wa Perpétue, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa.

Perpétue aliifikiria misumari mitupu ya ukuta wake, pale nguo zilipokuwa zikining'inia.

"Mimi ni Perpétue, fundi," alisema. "Kanuni hizi niliziandika mimi. Ile ya kumlinda Blandine mliisoma mkaipita. Ile ya kumficha Bienfait mkaishika kwa mikono miwili. Alimsumbua msichana, mkanywa soda yake, nami nikanywa. Hilo ndilo linalonichefua."

"Futa hiyo," Bienfait alisema, akikunjua miguu. "Papa, futa."

Lakini mzee alikuwa bado amebonyeza na hakujua kidole akipeleke wapi. Alipokiinua, ujumbe ukaenda. Kwenye kona alikokaa Sifuna, simu yake ikalia. Kisha ya Bienfait, mfukoni mwa shati la kanisani.

Papa Mushagalusa alifuta jasho. Akabonyeza tena, akaisogeza simu. "Tuanze upya, binti yangu. Polepole. Ndugu Bienfait..."

"Siombi msamaha," Perpétue alisema.