Kaburi na Dawati

Shule ya msingi iliyo upande wa juu wa barabara kuu, nje kidogo ya Ilula, ilijengwa kwa matofali ambayo wazee wa kijiji waliyafyatua na kuyachoma wenyewe. Jambo hilo hukumbushwa katika kila mkutano. Lisilokumbushwa ni kwamba wajukuu wa wazee hao hawasomi humo tena. Kila alfajiri basi la njano huwachukua na kuwapeleka Iringa mjini, kwenye shule za kulipia. Madawati waliyoyaacha yalikaliwa na watoto wa vibarua wa nyanya, waliotoka Usangu, Mbeya, na hata Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Wakaja wengine, wakaketi sakafuni.

"Shule imekuwa ya watu wa matenga," alilalamika Faustina, mchuuzi wa nyanya kando ya barabara, ambaye matenga yake yalijazwa na vibarua haohao. "Wamekuja na matenga, wataondoka na matenga, na sisi watatuachia nini?"

Mzee Sosthenes, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliitisha mkutano. Kijijini hapo, tangu zamani, ugomvi wa shamba huamuliwa kwa swali moja: nani ana kaburi hapa? Aliyemzika mtu wake katika ardhi ile ni mwenyeji. Asiyemzika ni mgeni, hata akizeekea hapo. Swali hilo lilitosha kwa mashamba. Siku hiyo Sosthenes alilipeleka shuleni.

"Wenye makaburi, watoto wao wabaki. Wasio nayo, wavuke barabara, wakasome shule ya ng'ambo."

"Mzee," alisema Damari, mwalimu mkuu, "Serikali huuliza umri wa mtoto. Haiulizi kaburi."

"Na Serikali ilikuwa wapi tulipokuwa tukichoma matofali, mwalimu?"

Watu walicheka. Damari, aliyeishi katika nyumba ya kijiji, aliketi.

Nyuma kabisa alisimama Tupokigwe, mama kibarua kutoka Karonga, Malawi, vidole vyake vikiwa vyeusi kwa utomvu wa nyanya. "Baba zangu, mwanangu Asukile ana miaka minane. Barabara ile ina malori."

"Sisi tuliivuka tangu utotoni," alidakia Faustina, "na hatukufa."

"Mliivuka, dada, zamani za gari moja asubuhi na jingine jioni."

"Kaburi la baba yako liko wapi?" aliuliza Sosthenes.

"Karonga, baba."

"Basi na dawati la mwanao liko Karonga."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani.

Asukile alivuka barabara ile muhula mmoja tu, nao haukwisha. Asubuhi ya ukungu, lori lililopanda na vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni lilimkuta katikati ya lami. Daftari zake ziliokotwa mtaroni.

Kuzika, kijiji kile kinajua. Wanawake walileta kuni na unga bila kuombwa. Wanaume waliacha mashamba. Sosthenes mwenyewe aliuliza kwa upole kama maiti isafirishwe kwao.

"Azikwe hapa," alijibu Tupokigwe.

Waliona ni unyenyekevu, wakamsifu. Sosthenes alitoa kipande cha ardhi yake mwenyewe, kando ya barabara, akapiga jembe la kwanza. Faustina alilia kuliko wote.

Januari, kamati iliketi kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Tupokigwe aliingia akiwa amemshika mkono bintiye, Pendo. Nyuma yake alisimama Saulo, mfugaji aliyehamia kutoka Usangu, pamoja na mwanawe.

"Kamwene, baba," Tupokigwe alisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama," aliitikia Sosthenes, akivua kofia.

"Nimemleta Pendo. Mliniuliza kaburi. Sasa ninalo, ulilichimba wewe."

Faustina alijifunika uso kwa kanga. Sosthenes alikohoa, akatafuta maneno, na aliyoyapata yalikuwa mabaya kuliko kimya.

"Mama Asukile, wewe sasa ni mwenzetu. Mtoto apewe dawati la mbele. Karibu, mwenyeji."

Tupokigwe hakushukuru. Aligeuka, akamvuta mtoto wa Saulo kwa bega na kumweka mbele ya meza.

"Na huyu? Baba yake hajamzika mtu hapa. Mnamngojea naye avuke?"

Wazee waliyatazama matofali ya ukuta kana kwamba wanayaona kwa mara ya kwanza. Damari alisubiri neno la mwenyekiti. Lilipokawia, alichukua kalamu na kuandika majina ya watoto wote wawili.

Alfajiri iliyofuata basi la njano lilikuja kama kawaida, likawachukua wajukuu wa Sosthenes, likashuka barabarani na kupita penye kaburi dogo. Halikupunguza mwendo.