Daraja la Matofali Mekundu

Msellem alikuwa fundi mwashi kutoka Lamu, na katika kampuni nzima yeye peke yake ndiye aliyejua kujenga tao la matofali lisilo na chuma wala zege ndani yake. Ndiyo sababu mwaka 2014 aliondolewa kwenye maghala ya Dubai Investments Park, akapelekwa Al Jaddaf. Huko tajiri mmoja alikuwa amechimba mfereji bustanini, na juu yake alitaka daraja kama yale ya Uingereza.

Mhandisi, Mwingereza mpole, alimwonyesha picha za madaraja madogo mekundu yenye umri wa miaka mia mbili. Kwenye kona zake kulikuwa na michirizi mirefu.

"Nani kayakwaruza hivi, sir?"

"Kamba. Farasi walivuta mashua chini ya daraja, na kamba zikayala matofali mwaka hadi mwaka."

Msellem alijenga kwa miezi minne. Alisimamisha fremu ya mbao, akapanga matofali juu yake kutoka pande zote mbili mpaka yakakutana katikati. Siku ya kuondoa fremu, wenzake walirudi nyuma. Yeye alisimama chini ya tao. Halikutikisika. Machozi yalimtoka, akasingizia vumbi la chokaa.

Halikumaliza mwaka. Tajiri aliuza bustani, na mnunuzi akataka maegesho ya magari. Msellem alimfuata mhandisi ofisini.

"Sir, si ulisema ya kwenu yamedumu miaka mia mbili?"

"Yale ni historia, Msellem. Hili ni pambo tu," alijibu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Siku ya kubomoa, katapila liliendeshwa na Twaibu, Mganda aliyelala chumba kimoja na Msellem. Mfereji ulikuwa umekaushwa. Msimamizi wao, Wahid, alikuwa na haraka.

"Yalla, Twaibu! Ingia chini, piga nguzo!"

Msellem alikuwa amesimama kando na wenzake. Angeweza kunyamaza. Lakini alijua kwamba nguzo moja ikikatika, tao zima lingeshuka kwa mkupuo juu ya kibanda cha dereva.

"Simama! Twaibu, toka humo!"

Wahid aligeuka kwa hasira. "Unataka nini? Daraja lako limekwisha, khalas."

"Nataka mbao zangu na muda wa saa tatu."

Alirudisha fremu chini ya tao, akapanda juu na patasi, akang'oa tofali la katikati, kisha la pili, kisha la tatu, kwa mikono ileile iliyoyapanga. Kufikia alasiri zilikuwa zimebaki nguzo mbili tupu, na katapila likazimaliza.

Twaibu alimfuata bombani. "Umeniokoa, ndugu yangu."

"Nyamaza tu, Twaibu."

Wahid alikuja akitabasamu. "Kumbe kubomoa unaweza hivi! Kuanzia kesho uko kikosi cha kubomoa."

"Mimi ni fundi wa kujenga."

"Wa kujenga ninao wengi."

Asubuhi basi lilimshusha Rashidiya, mbele ya nyumba ya zamani isiyotakiwa tena. Alipewa nyundo nzito. Ukuta wa sebule ulikuwa na nakshi za plasta, maua madogo madogo yaliyochongwa na fundi asiyemjua. Msellem aliyatazama kidogo, akapitisha kiganja juu yake. Kisha akainua nyundo.